Mrushaji akimgonga mlinzi, faulo ni ya nani?

Katika mpira wa kikapu, refa anayemkodolea macho mrushaji, yaani anayetupia kikapu, atakosea uamuzi huu mara nyingi. Mtazame mlinzi, tena mapema. Je, alikwisha kukanyaga sakafu kwa miguu yote miwili akimkabili mwenye mpira? Je, alikuwa hapo kabla mguu wa mwisho wa mrushaji haujaacha sakafu? Ikiwa ndiyo, na mgongano ukampata kifuani, faulo ni ya mrushaji.

Wachezaji wengi, na makocha pia, hudai kwamba mlinzi lazima asimame tuli. Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, hazisemi hivyo. Akishapata nafasi halali anaweza kurudi nyuma, kusogea kando, kuruka wima ndani ya silinda yake (nafasi ya kufikirika inayomzunguka, kutoka sakafuni kwenda juu), hata kujigeuza ili kukinga mwili usiumie. Asichoruhusiwa ni kuingia kwenye njia ya mtu aliyekwisha kuruka. Mrushaji aliye hewani ana haki ya kutua pale alipoondokea, au mahali pengine ambapo penyewe na njia yake palikuwa wazi aliporuka. Mlinzi aliyechelewa mara nyingi hujionyesha: bado anasogea upande, na mgongano unampata begani au nyongani badala ya katikati ya kifua. Hapo faulo ni yake.

Chini ya ringi mambo hubadilika. Tangu 2010 FIBA ina nusuduara iliyochorwa sakafuni, ya nusu kipenyo cha mita 1.25, na mlinzi akiigusa kwa mguu hata mmoja, mstari ukiwemo, mshambuliaji aliye hewani na mpira hapewi faulo kwa kumgonga, awe anarusha au anatoa pasi. Ila akimsukuma kwa mkono au kumpiga goti, nusuduara haimwokoi. Na hapa marefa wachanga huteleza: kuwa ndani ya nusuduara hakumfanyi mlinzi awe na kosa. Kama amesimama kihalali, mchezo unaendelea bila filimbi.

Kwa mitupo ya mbali, angalia miguu. Mrushaji anayetupa mguu mbele ili amguse mlinzi ametoka nje ya silinda yake, na mgongano huo ni wake.

Halafu kikapu. Faulo ikitokea mpira ungali mikononi, mpira umekufa na pointi hazipo, na wapinzani wanarusha mpira kutoka nje. Mpira ukiwa umeshatoka mikononi, kikapu kikiingia kinahesabiwa, faulo nayo inabaki. Tena wakati huo timu ya mrushaji haimiliki mpira, kwa hiyo kama ilikwisha kufikisha faulo nne katika robo hiyo, wapinzani wanapata mitupo huru miwili. Ndiyo maana refa wa pili, ambaye hakupuliza filimbi, anatakiwa ajue mpira ulikuwa wapi mgongano ulipotokea, na amwambie mwenzake kabla hajaripoti kwenye meza ya waandika pointi.