Kipimo cha p16 (protini inayotafutwa kwenye seli za saratani ya koo) huanzia kwenye chupa
Mnaotuma vinyama vya koo (vipande vidogo vilivyokatwa kwa ajili ya kupimwa) kwenye maabara za hapa Nairobi, tafadhali, maji ya chumvi hapana! Tumieni formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa isiwe na asidi (neutral buffered), ujazo mara kumi ya kinyama, saa 6 hadi 48. Muda ukipungua, katikati hubaki pabichi na rangi ya p16 hufifia kwenye slaidi.

Saratani ya tonsili au ya shina la ulimi huitwa chanya kwa p16 seli za uvimbe zikishika rangi vizuri kwa asilimia 70 au zaidi, kwenye kiini na saitoplazimu. Saitoplazimu peke yake haitoshi. Chanya huashiria HPV (virusi vinavyoweza kuleta saratani hii), na kwa kawaida tiba huitikiwa vizuri zaidi, ingawa sigara hupunguza nafuu hiyo. Saratani ya mdomo? Huko msiagize kipimo cha p16 kwa mazoea.