Siku moja kwenye brekidauni, Uyole

Saa 11 alfajiri

Julai hapa Uyole, Mbeya, chuma hakishikwi kwa mkono mtupu asubuhi. Navaa glovu, nawasha gari, naliacha lipate moto huku nikikagua kamba ya winchi kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi mmoja tu ukichomoza unachana kiganja kama wembe. Utingo wangu anapaka grisi, anahesabu minyororo, mikanda na magogo ya kuwekea matairi.

Niseme jambo moja kabla hatujatoka. Hela ya kazi inaingia kwenye namba ya simu ya tajiri mwenye gari, na sisi wawili tunasubiri mwisho wa mwezi. Wateja wengi wanaamini kwamba ile laki na nusu waliyolipa imebaki mfukoni mwa dereva. Haibaki.

Saa 1 asubuhi

Simu mbili zimefuatana. Ya kwanza ni ya mwalimu mmoja aliyekwama Inyala, gari linanguruma lakini haliendi. Ya pili ni ya mwanaume yuko Igawilo, Noah yake imechemsha maji. Kabla sijamaliza kumsikiliza akasema, "Kaka, nianzie mimi, kuna elfu ishirini yako ya chai."

Nikamwambia aliyetangulia ni mwingine. Neno hilo "chai" linaniumiza sana, kwa sababu watu wameliweka kwenye kapu moja na bakshishi. Bakshishi inakuja kazi ikiwa imeisha, na haimsogezi mtu kwenye foleni. Ile inayotangulia, ili mwalimu wa watu aachwe kwenye mteremko, mimi siiiti asante.

Lakini sikumkatia simu. Nilimwambia azime injini, afungue boneti, na mfuniko wa rejeta asiuguse kabisa. Mbeya tuko juu, kama mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji ya kwenye sufuria huku yanachemka karibu nyuzi 94, hayafiki 100. Kwenye rejeta yanazuiwa na presha tu, na mfuniko ndio unaoishika hiyo presha. Ukiufungua ikiwa ya moto, mvuke na maji vinakurukia usoni. Nimewaona walioungua hivyo. Akasubiri ipoe, akakuta kibano cha mpira kimelegea, akakaza, akajaza maji, akaondoka zake. Hakuhitaji kuvutwa.

Saa 3 asubuhi

Inyala. Mwalimu alikuwa ameshakata matawi na kuyapanga barabarani nyuma ya gari, mbali vya kutosha, na yeye amekaa juu ya tuta. Nilimshukuru kwa hilo kabla ya salamu kwisha. Malori yanayoshuka pale harufu ya breki unaisikia kabla hujayaona, na anayesimama kati ya gari bovu na barabara amejiweka mahali pabaya.

Tukapatana bei kwanza. Bei hupatanwa gari likiwa bado chini, si likiwa limeshaning'inia. Gari lake ni la otomatiki na linavuta matairi yote manne, kwa hiyo haliburuzwi, linapanda mgongoni zima. Ukiliburuza kwa matairi mawili unaiua giaboksi ambayo pengine bado ni nzima. Utingo akalala chali kwenye tope lenye baridi kutafuta pa kushika, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi akapata. Mimi nilikuwa nimesimama na rimoti ya winchi mkononi. Mtu akitutazama kwa mbali angesema fundi ni mimi.

Tulipolishusha gereji Mwanjelwa mwalimu akauliza bila kuzunguka, "Nimpe nani, na shilingi ngapi?"

Nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyowajibu wote. Hudaiwi kitu, tulipatana na umelipa. Ukiguswa, mpe aliyechafuka, umwekee mkononi mwake. Akampa elfu tano. Utingo alizishika kwa mikono miwili.

Nilikuwa utingo miaka sita. Noti za wateja nilikuwa naziona zinapita dirishani kwa dereva, na chini nilipokuwa mimi hazikuwahi kufika. Kwa hiyo nilipokabidhiwa usukani niliweka utaratibu: akipewa yeye ni yake, nikipewa mimi tunagawana nusu kwa nusu. Madereva wenzangu wananiambia namdekeza. Waseme.

Saa 7 mchana

Wali maharage na mboga kwa mama ntilie. Kazi moja fupi hapo katikati, kubusti betri Soweto. Yule dada alikuwa anachangiwa na ndugu zake kwa simu ili kutimiza bei. Mtu kama huyo akianza kujipapasa mfukoni atafute cha kukupa, mzuie.

Saa 9 alasiri

Njia ya Tukuyu, karibu na Kiwira. Gari la familia, pampu ya mafuta imekufa. Aliyekuwa nalo ni mwenyeji wa huko anayeishi Marekani, amekuja kumsalimia mama yake. Akasema gharama zote ni za bima. Tukapanda naye kabini, na safari nzima tukazungumza haya haya.

Alituambia kule kuna chama cha wenye magari kinaitwa AAA, kimekuwapo tangu 1902. Mwanachama akikwama anapiga simu, gari linakuja, na si lazima ampe dereva kitu, ingawa wengi humpa. Nikamuuliza mbona nasikia kwa Wamarekani bakshishi ni kama lazima. Akasema hiyo ni zaidi kwa wahudumu wa hoteli, ambao sheria ya nchi nzima inamruhusu mwajiri awalipe dola 2.13 tu kwa saa, kiwango cha tangu 1991, zinazobaki zitoke kwa wateja. Sikulipenda hilo. Mshahara wa mtu usitegemee huruma ya mpita njia, na matajiri wa huku wasijifunze jambo hilo.

Lingine lilinifanya ninyamaze. Kuna mji unaitwa Chattanooga, ambako mwaka 1916 fundi mmoja, Ernest Holmes, alibuni gari la kuvutia magari mengine. Leo pana makumbusho ya kazi yetu, na nje pana ukuta wenye majina ya waliokufa wakiwa kazini. Tena kila jimbo lina sheria inayomtaka dereva apunguze mwendo au ahame upande anapolipita gari la dharura lililosimama, na brekidauni imo. Nilifikiria upepo wa yale malori ya Inyala unavyotuvuta mashati. Ningepewa nichague kati ya noti na dereva anayepunguza mwendo, nisingeangalia noti.

Tulipofika alitushika mikono wote wawili akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Hakutoa hela. Niliondoka moyo mweupe, na nasema hivyo kwa sababu wapo wanaomnunia mteja wa bima kana kwamba ameiba.

Saa 2 usiku

Isyonje, ukungu mzito, mbele huoni mita kumi. Lori la viazi kutoka Makete limeng'ang'ania kwenye kona. Upepo umevuja wote, na breki za namna hiyo zikikosa upepo springi zinabana matairi, hazikuachii. Utingo akaweka magogo kwanza, pande zote, kisha akaingia uvunguni na tochi kuzilegeza springi kwa bolti, moja baada ya nyingine, na kufungua propela shafti ili giaboksi isizunguke bila oili. Saa nzima na nusu. Nilikuwa nasikia spana inamteleza, anapulizia vidole, anaanza tena.

Tulipolitoa pale kwenye kona, dereva akapanda juu ya mzigo akashusha gunia. "Chukueni. Hela sina, na tajiri hawezi kujua."

Nikamwambia arudishe. Viazi vile vina mwenyewe, na kesho wakivihesabu litakuwa deni la huyu huyu aliyetaka kutushukuru. Akanyamaza kidogo, kisha akalipandisha. Yeye naye ni wa mwisho wa mwezi kama sisi, usiku wa pili yuko barabarani.

Akaingia kabini akatoka na chupa ya chai, ya kwake, imebaki nusu. Kikombe kilikuwa kimoja. Alikuwa ananinyooshea mimi. Nikamwonyesha kwa kidole, akainama, akampa aliyekuwa bado anatoka uvunguni.