Kutoka Feri hadi Boma la Kale: kwa miguu kando ya bandari ya Dar

Ukitaka kuijua Dar es Salaam, anzia Feri, na anza mapema. Jioni moja niliteremka treni ya SGR kutoka Dodoma, nikalala Kariakoo kwa shangazi yangu, naye akanionya kabla sijazima taa: "Mwanangu, ukifika Feri saa tatu utakuta magamba." Nikamsikiliza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa tayari sokoni.

Soko la samaki la Magogoni, ambalo kila mtu analiita Feri, liko pale pale ambapo bahari inaingia bandarini. Lilijengwa upya kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Boti na ngalawa zilizovua usiku kucha hutia nanga mbele yake, wachukuzi wakaingia majini hadi kiunoni kupokea ndoo na matenga. Samaki humwagwa mezani, dalali akaanza kupandisha bei, na mnunuzi humjibu kwa kidole tu au kwa kuinua nyusi. Sisi wa bara tumezoea sato na perege. Hapa nilikutana na changu, kolekole, nguru, jodari, pono wa rangi ya kijani na buluu, taa wapana, pweza na ngisi, wote asubuhi moja.

Nilimuuliza mama mmoja kama nguru wake ni wa leo.

"Shikamoo mama. Huyu ni wa leo?"

"Marahaba baba. Usiniulize mimi, mtazame jicho. Likiwa limefifia, mpite. Halafu mfunue shavu, uone kama ndani ni pekundu."

Nikamfunua, nikaona, nikanunua. Vijana wa kupara samaki wapo pembeni; unawalipa kidogo na samaki wako anarudi akiwa safi, amekatwa vipande. Kisha unampeleka kwa wanaokaanga, kwenye makarai makubwa yanayofuka moshi, unangoja, unakula na ndimu na pilipili. Sijawahi kula samaki mtamu kuliko yule. Vaa viatu visivyoogopa maji, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Watu wale wako kazini.

Kutoka sokoni hadi kivuko cha kwenda Kigamboni, ng'ambo ya bandari, ni mwendo mfupi. Nauli ya mtembea kwa miguu ilikuwa shilingi 200, na kwa pesa hiyo unapata mandhari bora kuliko yote niliyoona mjini. Panda juu ukiweza. Mlango wa bandari ni mwembamba mno, kiasi kwamba meli kubwa ya makontena inapoingia, ikiwa na rubani wa bandari ndani yake na tagi, ile boti ya kuvuta meli, ubavuni, kivuko husubiri ipite. Tulisubiri. Ile meli ilipita karibu nasi hadi tukawaona mabaharia wakiegemea vyuma, na mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni akawapungia mkono, nao wakampungia. Wenyeji wengi hawakuinua hata macho kwenye simu zao. Kwao hii ni njia ya kwenda kazini, na hadi Daraja la Nyerere lilipofunguliwa kule Kurasini mwaka 2016, asiyetaka kivuko alilazimika kuzunguka mbali sana kwa barabara. Kigamboni nilikunywa dafu, nikatembea kidogo ufukweni, nikarudi.

Baada ya hapo fuata barabara ya Kivukoni, maji yakiwa kushoto kwako. Kanisa la Kilutheri la Azania Front litakuonyesha mapaa yake ya vigae vyekundu kabla hujalifikia. Wajerumani walilijenga kati ya 1898 na 1902. Hapo nakushauri uache bahari kwa muda, upande hadi Mtaa wa Samora uione Sanamu ya Askari. Imesimama tangu 1927, mahali ambapo hapo awali palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Askari ni wa shaba, ameinama kidogo mbele, na singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Magari yanamzunguka mchana kutwa.

Vuka barabara kwa uangalifu usome maandishi yake. Yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, nayo hayawataji askari peke yao. Yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya majeshi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, homa na mizigo, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Nilisimama pale muda mrefu. Natamani siku moja mpagazi naye achongwe, asimame kando ya huyu askari akiwa na mzigo wake kichwani.

Ukirudi kuelekea majini unakutana na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lenye mnara wake mrefu uliochongoka. Mbele yake ndipo zinapoondokea boti za Zanzibar, kwa hiyo jiandae kwa wapiga debe. Karibu na hapo kuna nyumba ambayo wengi huipita bila kugeuka, Atiman House, moja ya majengo machache yaliyobaki ya enzi za Majid, Sultani wa Zanzibar. Ina jina la Adrian Atiman, mtoto kutoka kando ya Mto Niger aliyeibwa, akauzwa utumwani, akakombolewa na mapadre wa Shirika la White Fathers. Alisomea udaktari Malta, akafika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Huyu ni mtu wa kufundishwa darasani. Pale nje sikuona hata kibao kidogo kinachomweleza.

Nilimalizia Boma la Kale, kwenye kona ya Sokoine Drive na Barabara ya Morogoro. Majid alilijenga katikati ya miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wake, alipoamua kuanzisha mji mpya kwenye bandari hii tulivu. Aliaga dunia mwaka 1870 mji wake haujakamilika. Kuta ni za mawe ya matumbawe, dari imebebwa na boriti za mikoko, na mlango umenakshiwa kama ile ya Unguja. Ndani kuna maonyesho ya picha na michoro ya majengo ya jiji, yakiwemo yaliyokwishabomolewa. Tazama hizo picha taratibu, halafu toka nje uangalie minara ya vioo inayolizunguka Boma. Bandari hii imebakiwa na nyumba chache sana za matumbawe, na nasema bila kuzunguka: hakuna hata moja inayopaswa kuguswa na tingatinga. Waulize wahudumu kuhusu matembezi ya mjini yenye mwongozaji. Mimi niliandika jina langu papo hapo kwa ajili ya kesho yake, nikampigia shangazi kumwambia nitakawia.