Ahithofeli alikuwa na akili kuliko wote

Nimekaa kwenye kamati za kanisa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa mtunza hazina, na kuna kauli moja inayonichoma kila ninapoisikia: "Hiyo ni hekima ya dunia." Mara nyingi hutolewa pale ambapo mtu ameuliza jambo lisilo na jibu la haraka. Fedha za ujenzi zimebaki kiasi gani? Nani aliidhinisha malipo? Kijana aliyesomea uhandisi anasema msingi huu hautabeba ghorofa; mkubwa mmoja anasimama, anafungua 1 Wakorintho, barua ambamo Paulo anasema hekima ya dunia hii ni upuuzi mbele za Mungu, na mjadala unafia hapo hapo.

Barua ile naipenda mno kuiona ikigeuzwa rungu.

Korintho aliyoifikia Paulo ulikuwa mji wa watu wanaopanda ngazi. Warumi waliubomoa mwaka 146 K.K., Julius Caesar akaufufua kama koloni mwaka 44 K.K., na wengi wa walowezi wa kwanza walikuwa watumwa walioachwa huru. Bandari mbili, Kenkrea upande wa mashariki na Lekayo upande wa magharibi, ziliuingizia fedha na wageni. Katika mji wa namna hiyo mtu alijulikana kwa mali yake, kwa jamaa zake wakubwa, na kwa msemaji anayemfuata. Waamini wakaingia nayo tabia hiyo kanisani: mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, mimi ni wa Kefa, yaani Petro.

Sasa mwangalie Apolo. Matendo 18 inamwita "mtu wa elimu", mzaliwa wa Iskanderia, hodari katika Maandiko. Kama Paulo angekuwa anapiga vita usomi, huyu ndiye angekuwa wa kwanza kunyamazishwa. Lakini Paulo anasema yeye alipanda na Apolo akatia maji, na katika sura ya 16 anaeleza jinsi alivyomsihi sana arudi Korintho. Alichokikataa ni majivuno: watu kumpima Mungu kwa kipimo cha umaarufu, huku Mungu mwenyewe amechagua kuokoa kwa Masihi aliyetundikwa msalabani, adhabu ya watumwa na waasi. Hakuna msemaji ambaye angekisia hilo kwa akili zake, hata angekuwa fundi wa maneno kiasi gani. Hekima ya Roho inaanzia hapo, na mtu huipokea akiwa amepiga magoti.

Kwa upande mwingine, wapo wasomi wenzangu wanaodhani hoja nzuri ikishapatikana kazi imekwisha. Hao huwa nawapeleka 2 Samweli, kwa Ahithofeli, mshauri wa Mfalme Daudi. Shauri lake lilihesabiwa kama mtu aliyeuliza neno la Mungu. Absalomu, mwana wa Daudi, alipomwasi baba yake, Ahithofeli akaenda upande wa mwana, akaomba watu 12,000 amfuatie Daudi usiku ule ule, kabla hajapumzika. Kivita alikuwa sahihi kabisa! Maandiko yenyewe yanaliita "shauri jema". Ila lilikuwa shauri jema la kumuua mpakwa mafuta wa Bwana. Lilipokataliwa, akatandika punda, akaenda kwake, akatengeneza mambo ya nyumba yake, akajinyonga. Akili ile yote ilikuwa imeegemea kwenye kusikilizwa. Siku isiposikilizwa hakubaki na pa kushika. Sura hiyo huwa siwezi kuisoma haraka.

Na Daudi? Akipanda Mlima wa Mizeituni huku analia, aliomba Mungu aligeuze shauri la Ahithofeli kuwa upumbavu. Kisha, akiwa bado kileleni, akakutana na rafiki yake Hushai, akamrudisha mjini akalipinge shauri lile mbele ya Absalomu, na akampangia wana wa makuhani wa kupeleka habari. Maombi na mpango, mlima mmoja, siku moja. Anayesema kuomba kunatosha bila kufikiri, anieleze Daudi alikuwa anafanya nini pale.

Yakobo, katika waraka wake, ndiye anayenipa kipimo cha kutumia kikaoni. Hekima ya chini ina wivu na ugomvi. Itokayo juu "kwanza ni safi, tena ni ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu". Hapo ndipo mwenye shahada na mwenye ufunuo wanakaa benchi moja. Mhasibu anayewadharau akina mama kwa sababu hawajui mizania anatumia hekima ya dunia, hata kama hesabu zake ziko sawa. Mzee anayesema Roho amemwambia, na hataki kuulizwa, naye anatumia hiyo hiyo. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alimtaja mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Hakumwita mtu wa dunia.

Kwa hiyo ninapoandaa ajenda, taarifa ya fedha na ya mafundi naiweka mapema, watu wakiwa bado na utulivu wa kusikia. Baada yake naomba dakika za maombi, tukiwa na ukweli wote mezani, kisha ndipo tunaamua. Wapo wanaoona maombi yanachelewa kwa mpangilio huo. Tunafungua kwa sala pia, lakini haya ya pili siyaachi: Yakobo anasema aliyepungukiwa na hekima na aombe, nasi tukishaona hesabu ndipo tunapojua tumepungukiwa wapi.