Lita moja kilomita ngapi?

Marekani nimeishi miaka ya kutosha na sijawahi kusikia mtu akiuliza gari lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Kule wanahesabu maili kwa galoni, na wengi wakishasoma karatasi ya ulaji wa mafuta iliyobandikwa dirishani siku ya kununua, mjadala umekwisha. Kigoma ni tofauti. Niko nyumbani likizo, na kila baraza ninaloketi, Mwanga hadi Gungu, swali ni hilo hilo. Wana haki ya kuuliza. Petroli inatembea zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka ifike huku, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wanaopanga bei za mafuta, wakitoa bei mpya, watu wanaisikiliza kama matokeo ya mtihani.

Anayeuliza kuliko wote ni bamdogo wangu. Anapakia dagaa Kibirizi kupeleka Kasulu, anarudi na maharage au ndizi. Kirikuu yake, kile kipikapu kidogo, imechoka kupanda milima, na sasa kapata mtu anayeuza Hilux ya petroli, kabini moja, injini ya lita 2.7. Hilux za dizeli za bei yake zinakuja na pampu na nozeli zilizokwisha, wakati hii ya petroli hata fundi wa chini ya mwembe anaimudu. Mwenye gari anaapa: lita moja kilomita 12.

"Wewe mwanangu una pikapu ya petroli huko kwa wenzetu," bamdogo akaniambia. "Hiyo kumi na mbili ipo?"

Mimi naishi Des Moines, Iowa. (Mha hapotei kule, Warundi wamejaa, Kiha na Kirundi vinasikilizana.) Kazi yangu ni ukarabati wa nyumba, kwa hiyo pikapu inabeba vigae, mbao na ngazi. Nilipokuwa natafuta ya kununua nilishangazwa na Toyota Tacoma. Mpaka toleo la 2023 iliuzwa na injini mbili za petroli: ya silinda nne, 2.7, na V6, yaani ya silinda sita, 3.5. Ile ndogo kiwandani inaitwa 2TR-FE, ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye Hilux anayoitaka bamdogo. Ungetegemea ndogo ibane mafuta kwa mbali. Kwenye karatasi za serikali zile za kuvuta magurudumu mawili zilikuwa karibu sawa, maili 21 hivi kwa galoni kwa wastani. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, kwa hiyo hapo tunazungumzia kilomita 9 kwa lita, tena gari likiwa halina mzigo wa maana. Injini ndogo kwenye bodi nzito haipumziki. Unaikanyaga muda wote, gia inashuka, inalia, na mafuta yanakwenda. Nikachukua V6, na sijaona sababu ya kuibadilisha.

Karatasi ile si uongo, ila inajibu swali la mtu mwingine. Gari linapimwa maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola, uzito ulioongezwa ukiwa kilo 136 tu, dereva na abiria mmoja mwembamba. Kipimo cha msingi cha barabara kuu kina wastani wa kilomita 77 kwa saa. Kuanzia magari ya mwaka 2008 waliongeza vipimo vya mwendo mkali, kiyoyozi na baridi, namba zikashuka zikakaribia ukweli. Lakini njoo uone barabara ya 80 inayokata Iowa. Ruhusa ni maili 70, yaani kilomita 113 kwa saa, na ukienda hizo malori yanakupita. Nguvu ya upepo kuzuia gari inakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 113 imeshakuwa maradufu, na pikapu ina uso wa ukuta. Wapo wanaoshusha mlango wa nyuma wakidhani upepo utapita. Ukiwa umefungwa, hewa inajikunja ndani ya bodi na ile inayofuata inateleza juu yake. Ukiushusha unaharibu mtiririko huo.

Halafu ije Januari. Shirika la serikali linalotoa namba hizo lenyewe linasema kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, safari fupi za mjini zinapunguza mwendo wa kila galoni kwa asilimia 15 hivi, na zile za maili tatu nne hufika 24. Mimi kazi zangu nyingi ni za maili tatu nne. Ongeza mtindo wa kuwasha gari ukiwa ndani unakunywa chai, linapasha moto dakika kumi halijaenda popote. Iowa ni nchi ya mahindi, kwa hiyo kuna pia mafuta ya E85 yenye ethanoli nyingi, ile spiriti ya mahindi, bei yake chini. Gari linaloyakubali hupoteza kati ya asilimia 15 na 27 ya mwendo. Kabla hujafurahia bei, piga hesabu hapo hapo kwenye pampu.

Turbo nayo ina mambo yake. Jirani yangu fundi bomba ana pikapu ya Ford, F-150 ya V6 ndogo, 2.7 yenye turbo. Ikiwa tupu inanusa mafuta tu, kweli kabisa. Siku akifunga trela, ile turbo inasukuma hewa, hewa inadai mafuta, na injini ikipata joto inaongezewa mengine ya kuipoza. Siku hiyo hana cha kumcheka mwenye V8. Kwa mtu anayetembea mtupu siku nyingi ningemshauri turbo bila kusita. Kwa anayevuta kila siku, hapana.

Bamdogo aliyasikiliza yote hayo kwa adabu, akasema: "Sawa. Sasa hii ya hapa?"

Tatizo la huku ni kwamba mafuta hununuliwa kwa hela. "Weka ya elfu thelathini," gari linaondoka, mshale haufanyi kazi, na hakuna anayejua lita ngapi zimeungua. Basi tukamwomba mwenye gari atuachie tulipimie kazini. Sheli ya Mwanga tukajaza mpaka pampu ikajikata yenyewe, tukarudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, tukapakia magunia ya dagaa Kibirizi, tukapanda. Kasulu tukajaza tena mpaka ikajikata. Kilomita 7 na ushei kwa lita. Kurudi tulikuwa na maharage kidogo na mteremko mwingi, ikatoa karibu 10.

Mwenye gari akaja juu. "Mlikuwa mnapanda!"

"Kasulu ilihamia bondeni lini?" bamdogo akamuuliza.

Kinachoumiza ni huku chini kwenye namba ndogo. Safari ya Kasulu inakaribia kilomita 100. Gari la kilomita 12 kwa lita likiboreshwa likafika 13, umeokoa lita 0.6 tu. La kilomita 6 likifika 7, umeokoa lita 2.4. Kwa hiyo anayebeba mzigo ndiye wa kubishania kila kilomita, na bamdogo alibishana mpaka bei ikashuka vizuri.

Nikiwa nimeinama kuangalia matairi, nikaona ni makubwa kuliko ya kiwandani. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini kihesabu hakijui, kinaandika umbali pungufu. Maana yake gari lilikuwa limefanya vizuri kidogo kuliko hesabu yetu. Nikamnong'oneza bamdogo. Akanikanyaga mguu.

"Hayo utaniambia nikishalipa."