Wati hazipandi mlima: nilivyopima upotevu wa mawimbi kwa debe la biskuti

Kila fundi aliyepita kwenye kituo chetu cha redio Kongwa alikuwa na dawa moja. Mpwapwa hawatupati? Ongezeni wati. Wa mwisho alikuja kabisa na proforma, yaani karatasi ya bei, ya transmita (mtambo wa kurushia matangazo) ya kilowati moja, na mkurugenzi akaanza kuulizia mkopo benki. Mimi ndiye niliyemzuia, na hadi leo natembea kifua mbele.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Upotevu wa mawimbi kwenye anga tupu hupimwa kwa desibeli: kila 10 zikipotea, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Ni 32.44, jumlisha 20 mara logi (logarithm) ya kilomita, jumlisha 20 mara logi ya megahezi. Sisi tunarusha karibu na megahezi 95, na Mpwapwa kwa mstari ulionyooka haifiki kilomita 20. Weka 20 hivyo hivyo, unapata desibeli 98. Transmita yetu ya wati 300 inalimudu hilo bila jasho. Ila fomula haiujui mlima Kiboriani. Kilele kikigusa tu mstari wa antena mbili kuonana, desibeli 6 zimeliwa. Kikiuziba, kinaendelea kula.

Kinakula ngapi? Tulianza kwa kuwapigia wasikilizaji simu. Usipoteze vocha. Mmoja anasema "safi kabisa", jirani yake anasema "mnakwaruza tu". Redio ya FM haipunguzi sauti mawimbi yanapopungua. Inabaki vilevile mpaka ghafla inaanza kukoroma, kwa hiyo sikio halikwambii umebakiza akiba kiasi gani. Mita ya kitaalamu ni mamilioni.

Nikakumbuka taa. Redio za zamani za mezani zina kataa kekundu kanakowaka sterio ikinaswa, na kanazima mawimbi yakishuka chini ya kiwango fulani. Kwa redio ileile, kiwango ni kilekile popote uendapo. Nikanunua atenyueta kwa mafundi wa madishi, vile vichuma vya kupunguza mawimbi kwa desibeli 3, 6 au 10 vinavyofungwa kwenye waya wa antena, elfu chache chache. Nikaenda upande wa Kibaigwa, uwanda mtupu, umbali kama wa Mpwapwa, nikasimamisha antena juu ya mwanzi mrefu, nikaanza kuongeza kimoja kimoja.

Taa haikuzima! Nimefika desibeli 40, inawaka. Nikachomoa antena kabisa: inawaka! Mawimbi yalikuwa yanapenya moja kwa moja kwenye nyaya za ndani ya redio. Hapo ndipo debe la biskuti lilipoingia kazini. Redio ya betri ndani, mfuniko umebanwa, tundu dogo la kuchungulia taa, lingine la waya wa antena, na ile nyavu ya nje ya waya nimeilehemu kwenye bati. Vijana wa pale wakaniuliza kama napima madini. Nikawaambia ndiyo, maana kueleza kungechukua mchana kutwa.

Safari hii taa ilizima kwenye 29. Mpwapwa, kwa mwanzi uleule, ilizima kwenye 3. Tofauti, 26, ndiyo iliyoliwa na mlima. Tena hapo antena iko juu. Redio ya jikoni, chini, ndani ya nyumba, haina hata hizo 3.

Sasa mpigie hesabu fundi wa proforma. Kutoka wati 300 kwenda 1,000 unaongeza desibeli 5 tu. Kufidia 26 lazima uzidishe mara 400, yaani wati 120,000! Mkurugenzi alikiangalia kikaratasi changu cha hesabu, akanyamaza, akaniambia, "Haya, mzee, wewe unatakaje?"

Nilitaka transmita ndogo ya wati 50 juu ya Kiboriani, inayotunasa Kongwa kwa antena moja na kurusha Mpwapwa kwa masafa mengine. Gharama haikufika nusu ya ile proforma. Waya wa kwenda antenani usiufanyie ubahili: ukipoteza desibeli 3 humo, nusu ya wati zako zimeishia kupasha waya moto. Mnara ulisimama haraka; kibali cha masafa cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndicho kilichochukua muda, kwa hiyo anza na maombi kabla hujamwaga zege.