Nilitaka Fairlady, mfuko ukasema Altezza

Kila niliyemwambia natafuta gari ya spoti kwa hela ndogo alinijibu moja kati ya mawili. Wanawake wenzangu kazini: "Dada, chukua IST utulie." Wanaume: "Subaru, spea kila kona." Hakuna aliyeniuliza nina shilingi ngapi, wala naitaka gari ya nini. Mimi ni mhasibu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, kila siku Kimara–Kariakoo, na udereva nilifundishwa na marehemu baba kwenye pikapu ya gia za mkono. Nilitaka gari fupi ya chini, gia za mkono, inayosukuma kwa magurudumu ya nyuma, na nilitaka niipate kabla magoti hayajaanza kulalamika. Basi, sikuhitaji ushauri nasaha.

Nilianza juu kweli. Nissan Fairlady Z, ile 350Z ya cc 3500. Nikaingia kwenye kikokotoo cha TRA, wale wa mapato, cha kodi za magari yaliyotumika, nikajaza, nikakaa kimya. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 10, kwa kuwa injini imevuka cc 2000. Uchakavu asilimia 30, kwa kuwa gari imepita miaka kumi. Kisha VAT asilimia 18 juu ya mzigo wote huo, na kodi moja inamkalia mwenzake mgongoni. Ukimaliza kujumlisha umenunua Fairlady mbili, yako na ya serikali. Na mwezi uleule mwanangu akapata nafasi kwenye shule tuliyoiomba kwa muda mrefu, na ada yake si mchezo. Bajeti iliyokuwa ishirini na kitu ikashuka mpaka milioni kumi, na ndani ya hiyo kumi nikaapa kwamba mbili hazitaguswa mpaka gari iwe imeshalala nyumbani kwangu.

Hiyo ya mbili naomba uisome tena. Watu wanakuambia "nina kumi" halafu wananunua gari ya kumi. Gari ya spoti ya mkononi hainunuliwi hivyo.

Kuagiza nje kukawa kumekwisha, nikabaki na magari ya mkononi, namba C na namba D, yaani zile ambazo herufi za usajili zinaanza na C au D. Subaru Impreza zenye turbo nilizitazama, ndiyo, nisije nikaambiwa nina chuki. Zilizo nzima bei yake ilikuwa mara tatu ya yangu. Zilizo kwenye bei yangu zilikuwa zimepitia mikono ya vijana wengi, kila mmoja kaongeza kitu chake: huyu ekzozi, yule turbo kubwa zaidi, wa mwisho kakata springi kwa grenda ili gari ilale. Ukiona springi imekatwa, ondoka. Aliyeikata hakuwa na hela ya springi fupi za kununua, kwa hiyo hata oili alikuwa akibadilisha kwa kubahatisha.

Sasa nije kwa Mazda RX-8, maana hii nimeisimulia kwenye kila msiba na kila harusi na bado sijaichoka.

Dalali alinipigia kwa sauti ya mtu anayekutunzia siri. "Dada, kuna spoti hapa Kinondoni, milango minne, ya nyuma inafunguka kinyume, nyekundu, milioni saba inapungua. Na cc ni 1300 tu, inakula kama Vitz." Cc 1300 ni kweli. Ila injini yenyewe ni ya rota, haina pistoni, ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka, na unywaji wake wa petroli hauna undugu na Vitz hata wa kuunga. Isitoshe imeundwa ichome oili kidogo kidogo makusudi, ili kulainisha sili, vile vizibo vya kwenye ncha za rota. Haya nilikuwa nimeshayasoma. Nikaenda hivyohivyo, kwa sababu gari ilikuwa nzuri kupita kiasi na mimi ni binadamu.

Mwenye gari alikuja nayo inaunguruma. Akashuka, inaunguruma. Tukaizunguka, tukafungua buti, tukashika rangi, tukaanza kutajiana bei, inaunguruma. Kila nikimwambia "izime kaka, nataka niangalie oili," anacheka: "Ya nini, we isikilize tu ilivyotulia." Nikakaa kiti cha dereva tukazunguka mtaa. Inavuta vizuri, mshale unapanda kwa hamu, mpaka nikaanza kujiona niko Japani. Tulipokaribia kurudi nikaona mshale wa mafuta uko chini. Hapo ndipo akili iliponijia.

"Kaka, nimekutumia mafuta yako, twende sheli nikurudishie ya elfu ishirini."

"Aah, dada, yanatosha haya."

"Hapana, mama yangu hakunilea hivyo."

Nikakata kona kabla hajamaliza kukataa. Pale kwenye pampu kijana akainama dirishani: "Zima gari, dada." Mwenye gari akamwambia aweke tu hivyohivyo. Kijana hakubishana, alionyesha lile bango jekundu lenye sigara na simu na ufunguo, akasimama mikono nyuma. Nikazima. Ile kimya iliyofuata, ninyi mlionunua magari mnaijua.

Elfu ishirini ikaingia. Nikazungusha ufunguo. Stata inazunguka vizuri, nyororo, kama feni, injini haishiki. Tena. Haishiki. Nyuma yetu bajaji, nyuma ya bajaji daladala, na honi. Mwenye gari jasho linamtoka, ananiambia ni betri. Betri gani inazungusha stata namna ile? Vijana wa bodaboda wakatusukuma mpaka pembeni, na mmoja akauliza kwa heshima zote, "Dada umeshailipia?"

Kwa asiyejua: sili zile za rota zikichoka, injini ikiwa ya moto mgandamizo wa hewa ndani yake unashuka, gari inagoma kuwaka mpaka ipoe. Ndiyo maana muuzaji hazimi. Injini za kawaida wauzaji wanakuletea ikiwa imeshapashwa ili usisikie inavyogonga asubuhi, kwa hiyo huko unadai ikukute ya baridi. Ya rota ni kinyume, unadai izimwe ikiwa ya moto. Kuifumua na kuijenga upya ni hela inayozidi bei ya gari yenyewe, na ni nani utampa? Mafundi wanaoijua kweli rota hapa mjini hawajai hata meza ya kahawa.

Nilipomsimulia fundi wangu wa Ilala, mzee ambaye alikuwa akitengeneza pikapu ya baba, alicheka mpaka akakalia tairi. Kisha akasema neno moja lililonisaidia kuliko washauri wote: "Mwanangu, tafuta gari ya spoti yenye injini ya gari ya wazee."

Hapo ndipo Altezza ilipoingia.

Toyota walizitengeneza kuanzia 1998 mpaka 2005, nje ya Japani zikauzwa kwa jina la Lexus IS, na ilipotoka ilichukua tuzo ya gari ya mwaka kule Japani. Sedani zake zipo za aina mbili. RS200 ina silinda nne, injini ya 3S-GE ya nguvu za farasi 210 kwa zile za gia za mkono, ndiyo wanayoililia vijana. AS200 ina silinda sita za mstari, 1G-FE, nguvu 160, na vijana wanaidharau. Lakini 1G-FE ni injini iliyomo kwenye Mark II, GX100 na GX110, kwenye Verossa, kwenye Crown. Yaani gari za wazee. Spea zake pale mtaa wa Gerezani, Kariakoo, unanunua huku unaongea na simu. Wakati ile 3S-GE ya RS200 ni toleo lililotengenezwa hasa kwa Altezza, ukiharibu kitu cha kwake peke yake unaanza kutafuta Altezza nyingine iliyogongwa. Zote mbili ziko chini ya cc 2000, zote zinasukuma nyuma, na zote zilitoka pia na gia sita za mkono. Nikaamua: AS200 ya gia sita. Kila mtu akaniambia nimekosea, nikajua niko sawa.

Shida ni kwamba hakuna anayetangaza AS200. Kila Altezza ya mjini ni RS200 kwenye tangazo, na nyingi zimebandikwa herufi za RS nyuma hata kama ni silinda sita. Mimi hilo nikalifanya mtaji.

Ya kwangu niliikuta Tabata, ya fedha, namba C, nyuma RS200 inang'aa. Wanataka tisa na nusu. Nikaomba wafungue boneti. Ukifungua, tafuta kile kibati cha utambulisho ndani ya chumba cha injini. Ikianza SXE10 ni RS. Ikianza GXE10 ni AS. Nikafuta vumbi kwa kidole: G. Moyo ukaruka kwa furaha, ndiyo niliyokuwa naitafuta, na gia sita ziko pale kwenye kirungu. Nikakunja uso.

"Kaka, hii si RS."

"Dada, si unaona imeandikwa?"

"Imeandikwa na nani? Njoo usome hapa."

Akasoma. Dalali akasoma. Wakatazamana. Nikafunga boneti polepole, nikapumua kama mtu aliyedhulumiwa urithi, nikaanza kutembea kuelekea kwenye bajaji. Sikuhesabu hatua lakini hazikuwa nyingi. Nikaitwa. Tukaanzia nane, dalali akaanza kuniita mama badala ya dada, na tukamalizana saba na laki kadhaa. Mpaka leo yule kaka anaamini alimwangushia AS200 mwanamke asiyejua.

Kabla ya kutoa hela nilifanya mambo ambayo watu wengi wanayaruka. Klachi: uko mwendo mdogo, tia gia ya nne, kanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ukipanda na gari haiongezi mwendo, klachi imekwisha. Yangu ilivuta. Matairi: ubavuni kuna namba nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Yangu yalisomeka 2311, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2011, yana meno mazuri na ni magumu kama bakora. Nikaomba wapunguze tena, wakapunguza kidogo kwa hasira. Mzee wangu wa Ilala akaingia chini akatikisa magurudumu ya mbele, boljointi za chini, vile viungio vya magurudumu, zikalia. Ugonjwa wa Altezza huo, asikutishe mtu nao, unabadilishwa. Madeni ya gari nayo yaangaliwe kwa namba ya usajili: faini za trafiki, na maegesho ya TARURA, wale wakala wa barabara. Nilikuta deni la maegesho linalochekesha kwa urefu, wakalilipa wao pale pale kwa simu. Kadi ilikuwa na jina la muuzaji mwenyewe. Ingekuwa na jina la mtu wa tatu "aliyesafiri", nisingeendelea.

Zile mbili nilizoapa nazo ndizo zilizofanya gari iwe gari. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji siku ya kwanza, bila kuuliza wa zamani una umri gani, kwa sababu utadanganywa. Boljointi. Oili zote mpaka ya difu. Matairi manne mapya, na hapa usibane: gari inayosukuma nyuma, barabara ya Dar, mvua ya kwanza inayochanganyika na vumbi na oili, matairi magumu yatakugeuza uelekee ulikotoka. Nilibaki na kama laki mbili na ushee, zikaenda kwenye gesi ya AC.

Nguvu 160 ni ndogo? Nendeni mkaulize kule Chalinze kwenda Moro, kwenye vile vijiji vya mwendo wa hamsini ambako askari yuko nyuma ya mwembe na tochi yake, elfu thelathini kila ukinaswa. Mwenye nguvu 300 na mimi tunapita pale kwa mwendo uleule. Tofauti ni kwamba mimi nikiwa gia ya pili kutoka kwenye tuta, injini ya silinda sita inapanda kwa sauti moja nyororo na mshale unacheza kwenye ile dashibodi ya vijisaa, na ninakuwa nimeshafurahi kabla ya hamsini kufika. Mafuta, mjini inakwenda kilomita nane kwa lita, tisa foleni ya Ubungo ikiwa na huruma. Mtu wa IST atanicheka, acha acheke.

Kilichobaki ni taa ya ABS, ule mfumo wa breki usioacha magurudumu yagande, inawaka inapotaka. Mzee anasema ni sensa ya gurudumu la nyuma kushoto, na kaniambia nisinunue mpya, kuna mtu Shauri Moyo ana Altezza iliyopasuliwa. Nilimpigia jana, anataka elfu themanini. Nimemwambia hamsini, kasema atanipigia.